Titi la Fakhriya na Karatasi ya Bima

Fakhriya binti Nadhir alizaliwa Tabora, akaolewa Tabora, akazaa watoto watatu Tabora, lakini watu wa Nizwa hawakumjua kwa hayo. Walimjua kwa vidole. Mwaka 1977, miaka mitatu tangu yeye na mumewe Azzan warudi Omani na masanduku mawili na Kiarabu cha kubabaisha, kampuni moja ya barabara ilifungua kambi nje ya mji, ikatafuta mtu wa kupiga chapa kwa Kiingereza. Wanaume wanne walijaribiwa wakashindwa. Fakhriya akaja na buibui lake, akaketi, akauliza utepe wa mashine ni mpya au wa zamani, kisha akapiga ukurasa mzima bila kutazama vidole. Akaandikwa kazi siku ile ile. Mama mkwe wake, Bi Wadha, alinung'unika mwezi mzima kuwa mwanamke wa nyumba yake anakaa ofisini na wanaume, mpaka mshahara wa kwanza ulipoleta friji. Manung'uniko yakapoa pamoja na maji.

Basi kila karatasi ya kambi ile ilipita mikononi mwake. Kampuni ilipowakatia wafanyakazi bima ya matibabu, mkataba ule wa kurasa ishirini na sita aliupiga yeye, tena mara mbili, maana nakala ya kwanza ilitoka na madoa ya kaboni. Watu wengine husoma bima siku wanayougua. Fakhriya aliijua mpaka nukta zake, na meneja mwenyewe akitaka kujua kitu alimuuliza yeye.

Uvimbe aliukuta mwanzoni mwa mwaka 1985, asubuhi, akifunga sidiria awahi gari la kazini. Ulikuwa mgumu kama punje ya hindi, hauumi. Hakungoja. Alikwenda hospitali ya Nizwa, wakampeleka Maskati, na tarehe kumi na mbili Machi akakatwa titi lote la kushoto. Ilikuwa kansa. Serikali haikumtoza hata baisa, na daktari wake, mama wa Kihindi aitwaye Sulochana, alimwambia kuwa amewahi, aende nyumbani akaishi.

Akaenda nyumbani. Na huko nyumbani, nyie, hapakuwa na mtu aliyelitaja titi. Ilikuwa "kile kidonda", ilikuwa "mambo ya kifua", ilikuwa "yale aliyoandika Mungu". Watu wetu hawa wana jina la tende kila wiki inapobadilika rangi, lakini titi likiugua ndimi zote zinakufa ganzi. Wageni walikuja na halua na kahawa, wakamtazama usoni tu, hawashuki shingoni, kana kwamba macho yakiteremka yatatozwa faini. Fakhriya alivumilia. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na ilimuuma kuliko kisu.

Aliyekuwa na akili kidogo ni shoga yake Mwanamize, Mzanzibari wa nyumba ya pili, fundi wa cherehani. Huyu alisema waziwazi: "Shoga, ziwa limekwenda, tushone jingine." Akashona mfuko wa kitambaa cha kanga, akautia mtama, akaupima kwa mkono mpaka ukalingana na mwenzake. Kazi nzuri kweli. Lakini mtama haujui adabu. Kwenye harusi moja mjini Ibra, Fakhriya alisimama kucheza na wenziwe, na mfuko ule ukaanza safari yake. Ulipanda taratibu, wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, mpaka ukachungulia kwenye ukosi. Wanawake walimtazama bibi mwenye titi begani. Mwanamize aliruka akamfunika mtandio, akamtoa nje, na huko nje wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha Fakhriya akalia. Alilia kweli, kwa mara ya kwanza tangu akatwe.

"Mie sitaki mtama," alisema. "Nataka mwili wangu."

Mwezi wa Januari, mwaka uliofuata, alirudi kwa Daktari Sulochana kuangaliwa, akamuuliza moja kwa moja. Daktari naye akamjibu moja kwa moja. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, titi la bandia la kuvaa ndani ya sidiria, zito la kutulia, haliendi matembezi. Ya pili, mfuko mdogo wa silikoni unaoingizwa chini ya msuli wa kifua. Ila kwake ngozi iliyobaki ilikuwa finyu, mfuko peke yake ungevuta na kuuma. Ya tatu, kuchukua ngozi na msuli wa mgongoni, kuuzungusha kwapani mpaka mbele, na kutia mfuko mdogo chini yake. Hiyo ni kazi kubwa, saa tano mezani, kovu jipya mgongoni, na bega litachoka miezi kadhaa.

"Na vidole?" Fakhriya aliuliza.

"Vidole vitabaki vyako."

"Basi mgongo."

Palikuwa na bingwa wa Bombay ambaye angekuja Maskati wiki mbili za mwisho wa Machi, kwenye hospitali ya kulipia. Hiyo serikali haikuitoa bure. Na kwa bei yake, hata wangeuza duka zima la Azzan la mabati na rangi, lisingetosha.

Bi Wadha aliposikia alishika tasbihi yake akamtazama mkwewe. "Mwanangu, watoto watatu ushawanyonyesha. Titi la nini tena?"

"Mama," Fakhriya alijibu kwa upole, "kwani mtu akishafika safari yake, miguu anaitupa?"

Bi Wadha akarudi kwenye tasbihi yake, na mtu aliyekaa na Bi Wadha miaka yote hiyo anajua huo ulikuwa ushindi wa kwanza.

Fakhriya hakuwa na wasiwasi. Ukurasa wa kumi na nne wa mkataba ulisema bima italipa kukijenga upya kiungo kilichopotea kwa ajali au kwa maradhi, madai yakikamilika ndani ya mwaka mmoja tangu kiungo kipotee. Haitalipa urembo. Na mfano alikuwa nao pale pale kambini. Mwaka 1983, Marzouq, dereva wa greda, alikatwa sikio na waya wa winchi. Bima ilimlipia sikio jipya, limechongwa kwa gegedu la ubavu wake mwenyewe, na barua zote za sikio lile Fakhriya ndiye aliyezipiga. Akaandika dai lake, akaambatisha barua ya Daktari Sulochana, akapeleka. Akaanza hata kuhesabu siku za likizo.

Jibu lilikuja mwisho wa Februari. Alifungua bahasha mwenyewe, maana bahasha zote za kambi huzifungua yeye. Dai limekataliwa. Kwa mujibu wa fomu ya mwanzo, bibi huyu alitolewa uvimbe wa mafuta, usio na madhara. Kwa hiyo ujenzi anaouomba ni urembo.

Alisoma mara tatu. Mafuta gani, na nani kasema mafuta?

Wakala wa bima alikuwa Obaid, kijana wa Sur, nadhifu, mama yake kalelewa Unguja. Kila Jumatano alikuja kambini, akakaa kwenye ukumbi wa chakula, watu wakapanga foleni na karatasi zao. Jumatano ya tarehe tano Machi Fakhriya alikuwa wa kwanza.

"Bwana Obaid, sikio la Marzouq linafanya kazi gani?"

Obaid alishangaa. "Sikio?"

"Kusikia, anasikia kwa tundu, na tundu halikukatwa. Lile la nje limejengwa ili lishike miwani. Mmelipa. Titi langu mnaniambia urembo. Nieleze mwanangu, nami nielewe."

Obaid hakuwa mtu mbaya. Alifungua jalada, akatoa fomu ya mwanzo, ile ya kuwaarifu bima juu ya upasuaji, ya Machi mwaka uliopita, iliyojazwa wakati Fakhriya akiwa bado kitandani Maskati hajitambui. Akaigeuza aione. Palipoulizwa upasuaji ulikuwa wa nini, pameandikwa kwa Kiarabu kizuri: uvimbe wa mafuta, kifuani, mdogo. Chini yake sahihi. Mwandiko ule Fakhriya aliujua kuliko wake. Ulikuwa wa Azzan.

"Ripoti ya hospitali inasema vingine, naona," Obaid alisema kwa sauti ya chini. "Lakini karatasi mbili zikigongana, ofisi kuu hailipi. Aliyesaini ndiye afute, mbele yangu, na mashahidi wawili. Na mwaka wako, Bi Fakhriya, unakwisha Jumatano ijayo, tarehe kumi na mbili. Baada ya hapo hata akifuta mara mia haisaidii."

Fakhriya alirudi mezani pake akapiga barua kumi na moja bila kosa hata moja. Ndivyo alivyokuwa akikasirika.

Nyumbani alingoja mumewe amalize kula. Azzan alikuwa mtu mwema, hilo liandikwe. Hakuwahi kumwinulia mkono wala sauti, alimbeba mikononi siku aliyotoka hospitali. Lakini alikuwa na haya iliyopita kiasi, haya ya watu wa zamani, ambao hata jina la mke hawalitamki sokoni, husema "watu wa nyumbani".

"Baba Mahrous," alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Uliandika mafuta."

Azzan alisukuma sahani pembeni. "Karatasi ile inapita mikono ya wanaume kumi," alisema. "Karani, meneja, watu wa bima. Niliandike lile neno, kila mmoja akusome kifuani? Nilikusitiri, Mama Mahrous. Wallahi nilikusitiri."

"Ulinisitiri mie, au ulijisitiri weye?"

"Sikujua litakuja kudhuru."

"Limeshadhuru. Njoo Jumatano useme."

"Mbele ya ule ukumbi?"

"Mbele ya Obaid na watu wawili."

Azzan alitikisa kichwa, si kukataa, si kukubali. Jumapili alfajiri akawasha pikapu akaaga kuwa anakwenda Sinaw kutazama mbuzi. Sinaw, nyie. Soko la Sinaw ni Alkhamisi. Mtu anayekwenda Jumapili anakwenda kununua nini, mchanga? Fakhriya alilitazama lile gari mpaka likaishia kwenye mitende, na akajua mumewe kakimbia. Mbio za mwanamume mwenye haya ni mbaya, kwa sababu harudi mpaka jambo liishe lenyewe.

Jumatatu hakurudi. Jumanne hakurudi. Mwanamize alikuja kukaa naye, akamshauri waigize sahihi. "Naijua kalamu yake, shoga, tutaandika kama yeye." Fakhriya alikataa. Uongo mmoja umemfikisha hapa, wa pili utampeleka wapi? Alimwambia Mwanamize kuwa kama Azzan hatokuja, atarudi kwenye mtama na atacheza nao harusi zote, na atakayecheka acheke. Alisema hivyo kwa ujasiri, kisha akaingia jikoni akakaa juu ya gunia la mchele.

Jumatano Obaid alifika saa tatu. Foleni ilijaa ukumbi: madereva, mafundi, wapishi, watu arobaini wanazungumza kwa lugha sita. Fakhriya aliweka mashine yake pembeni ya ukumbi, akisema ofisini kuna joto. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Obaid alimaliza foleni moja ikaja nyingine. Saa sita aliangalia saa yake, akamwangalia Fakhriya, akainamisha macho. Saa saba angeondoka.

Saa saba kasoro robo mlango ulifunguka akaingia Azzan. Kanzu yake, dishidasha nyeupe anayoipiga pasi mwenyewe, ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Kilemba kimelegea. Hakumtazama mkewe. Alikwenda moja kwa moja kwa Obaid, na Obaid, kwa adabu yake, akainuka, akaonyesha mlango wa stoo. "Tuingie ndani, ami Azzan, tuzungumze faragha."

"Faragha imetosha," Azzan alisema. "Nitasema hapa hapa."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama.

"Mwaka jana nilijaza fomu ya mke wangu, nikaandika uvimbe wa mafuta. Ni uongo. Mke wangu alikuwa na kansa. Alikatwa titi. La kushoto, lote." Alirudisha nyuma kilemba kilicholegea, akaendelea. "Niliona haya. Na uongo huo sikuuandika kwenye karatasi tu, nilimwambia kila aliyeniuliza. Nilimwambia ndugu yangu Khalaf, Sinaw. Jumapili nimefika kwake, nakula chakula chake, ananiambia: 'Alhamdulillahi, mke wangu Hamda naye ana uvimbe kama wa mkeo, miezi minane sasa, lakini tumeuacha, si uliniambia ni mafuta, hayana neno.'"

Foleni ilimsogelea.

"Miezi minane," Azzan alisema. "Kwa neno langu mimi. Siku mbili nimembembeleza Khalaf tumlete, kwa kuwa sasa hakuniamini. Nimemwacha Hamda hospitali hapo mjini, nimekuja hivi nilivyo. Leta hiyo karatasi nifute."

Obaid aliisogeza. Azzan alipiga mstari juu ya neno lake, akaandika lile la kweli kwa herufi kubwa, akasaini. Obaid akauliza mashahidi. Marzouq wa sikio alishatoka kwenye foleni zamani, kalamu mkononi. Wa pili alikuwa mpishi mzee wa kambi, asiyejua kuandika. Alichovya dole gumba kwenye wino, akalibandika, akasema taratibu kwamba mama yake alikufa na ugonjwa huo huo, na mpaka leo ndugu zake wanasema alikufa kwa homa.

Muhuri uligongwa saa saba kasoro dakika tatu. Fakhriya alisimama. Alitaka kutoa maneno mengi, alikuwa ameyapanga tangu Jumapili, mengine makali sana. Yote yalimpotea. Alimwendea mumewe mbele ya watu wote wale, akamfunga kilemba vizuri, akasema, "Umekula?" Na kwa watu wa umri wao, hakuna kauli ya mapenzi kubwa kuliko hiyo. Kabla hajarudi mezani pake wanaume watatu walimfuata, mmoja mmoja, wakiulizia kwa kunong'ona habari za wake zao. Aliwajibu kwa sauti ya kawaida, kila mmoja jibu moja: ampeleke kesho.

Tarehe ishirini na tisa Machi bingwa wa Bombay alimfanyia kazi yake saa tano na nusu. Mgongo ulimwaka wiki mbili, asipate kulala chali. Bima ililipa yote, na Bi Wadha, ambaye hakuona haja ya titi, ndiye aliyekaa kitandani kwake kila siku akimlisha supu ya kuku na kuwafukuza wageni. Daktari alipofungua bandeji, Fakhriya aliomba kioo. Halikuwa sawa na la zamani. Lilikuwa juu kidogo, na mshono ulizunguka kama pindo la mto. Lakini lilikuwa la kwake, la ngozi yake, lenye joto lake. Alijitazama mpaka akatosheka.

Hamda walimhamishia hospitali kubwa ya Maskati katikati ya Aprili. Majibu yalikuwa yametoka: kansa, lakini haijatambaa, akikatwa sasa atapona. Hamda alikataa. Mwanamke wa jangwani, mwenye msimamo wake. Alisema afadhali afe mzima kuliko kuishi nusu. Khalaf alimwomba, madaktari walimwomba, Azzan alimwomba mpaka akalia. Siku ya tatu Fakhriya alikwenda mwenyewe, mkono bado kwenye kitambaa cha shingoni. Hakumwomba. Aliwatoa wanaume wote, akavuta pazia, akafungua vifungo, akakaa mbele yake.

Hamda alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, hana haya, kama mtu anayekagua ngamia. Alimgeuza akaona kovu la mgongoni. Aliuliza hapa panauma, Fakhriya akasema panauma. Aliuliza akigusa anahisi, akasema huku ndiyo, hapa bado. Aliuliza mumewe amesemaje. Fakhriya akamsimulia ukumbi wa chakula, neno kwa neno, na Hamda, ambaye alimjua Azzan kwa haya yake miaka yote hii, alifunika mdomo kwa mtandio akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akajifuta uso, akakaa vizuri kitandani.

"Funga nguo zako, dada," alisema. "Nenda uwaambie wanikate."